Namna ya kuchagua kichujio cha mwanga kwa kamera inayosoma mstari wa leza

Katika karakana ya kupasua mbao ambako niliwahi kutunza mitambo, kulikuwa na kamera iliyopima unene wa kila ubao uliopita juu ya mkanda. Leza ilichora mstari mwekundu kukatisha ubao, kamera ikautazama mstari huo kwa upande, na kwa kuwa mstari hupanda au kushuka katika picha kulingana na kimo cha kitu unachokiangukia, programu ilipata unene kwa hesabu ya pembe tu. Mtambo ulifanya kazi vizuri tangu saa mbili asubuhi. Ilipofika saa sita mchana, jua likipenya kwenye yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, programu ilianza kupoteza mstari. Tulikuwa na kichujio, yaani kioo kinachopitisha mawimbi machache tu ya mwanga, chenye dirisha la nanomita 20 (dirisha ni upana wa mawimbi kinayoyapitisha, na nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi, ambao ndio rangi ya mwanga), na kila mmoja wetu aliona jawabu ni moja: tununue chenye dirisha jembamba zaidi. Kilipofika cha nanomita 10, mchana ukawa mbaya kuliko ulivyokuwa. Mandhari ilikuwa nyeusi kama tulivyotaka, ila ncha mbili za mstari nazo zilikuwa zimetoweka, na mtambo ukaripoti kwamba kila ubao umepungua upana.

Kosa halikuwa la kichujio wala la jua. Tulichagua kichujio kwa kusoma namba iliyobandikwa kwenye leza, nanomita 660, ilhali mwanga unaofika kwenye kihisi cha kamera hauko kwenye namba moja siku nzima, na kichujio nacho hakiko kwenye namba moja kuanzia katikati ya picha hadi pembeni. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata upana halisi ambao kichujio kinapaswa kuupitisha, ili kisizidi wala kisipungue.

Anza na kivuli

Kabla ya kufungua pochi, zungushia eneo la kupimia kifuniko cha bati au turubai lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na uache uwazi unaotosha kitu kuingia na kutoka. Kazi hii mafundi wengi huidharau kwa sababu haina utaalamu wa kujivunia. Hata hivyo, mwanga ambao haukuangukia ubao kabisa hauhitaji kuchujwa, na turubai halichagui urefu wa wimbi. Kwenye karakana yetu, kugeuza bati moja la plastiki juu ya mtambo na kuweka la kawaida kungetuokoa wiki mbili.

Jambo la pili la kuliondoa mapema ni dhana kwamba kufupisha muda wa shata, au kufunga tundu la lenzi, kutaupa mstari nafuu dhidi ya jua. Leza inayowaka mfululizo na jua vyote viwili hupungua kwa kiwango kilekile unapofupisha muda huo, kwa hiyo uwiano wao haubadiliki hata kidogo. Unachopata ni kuzuia pikseli zisijae hadi ukomo wake, jambo lenye manufaa yake, lakini mstari uliokuwa umemezwa na jua utabaki umemezwa, katika picha iliyo na giza zaidi. Uwiano hubadilika kwa njia chache tu: kuongeza nguvu ya leza, kuikusanya kwenye mstari mwembamba zaidi, kutia kivuli, au kuchuja.

Hesabu ya jua na mstari

Tuseme leza ina nguvu ya miliwati 50, na inachora mstari wa urefu wa milimita 400 na unene wa nusu milimita. Eneo la mstari ni milimita za mraba 200, na kwa hiyo ukali wake ni wati 250 kwa kila mita ya mraba. Jua la mchana lisilo na mawingu huleta takriban wati 1,000 kwa mita ya mraba, na kati ya hizo karibu 700 zimo katika eneo ambalo kihisi cha silikoni hulihisi vizuri, yaani kuanzia nanomita 400 hadi 1,000. Bila kichujio, basi, mstari ni kama theluthi moja ya jua lililouzunguka, na hakuna programu itakayoutafuta kwa uhakika.

Karibu na nanomita 660, jua hutoa takriban wati 1.4 kwa mita ya mraba kwa kila nanomita moja. Kichujio chenye dirisha la nanomita 20 kitaruhusu wati 28 tu za jua, na mstari sasa utalishinda jua mara tisa hivi. Dirisha la 30 litaruhusu 42, na mstari utalishinda mara sita. Dirisha la 10 litaruhusu 14, na ushindi utakuwa mara 18. Hizi ni hesabu za kukadiria, kwa kuwa kihisi hakihisi kila rangi kwa usawa, lakini zinaonyesha jambo ambalo sisi tulilikosa: kutoka bila kichujio hadi dirisha la 30 unapata faida ya karibu mara 17, na kutoka 30 hadi 10 unaongeza mara tatu tu. Programu ya kawaida ya kutafuta mstari inaridhika kabisa na uwiano wa sita kwa moja. Hiyo mara tatu ya mwisho ndiyo iliyotugharimu ncha za mstari.

Mahali leza inapokuwa kweli

Dayodi ya leza nyekundu, yaani kijenzi kidogo cha umeme kinachotoa mwanga wenyewe, hurefusha wimbi lake kwa takriban nanomita 0.2 kwa kila digrii moja ya Selsiasi inayoongezeka. Zile za infraredi, mwanga ulio nje ya wekundu ambao jicho haliuoni, kama za nanomita 808 au 850, husogea karibu 0.3, na za bluu husogea kidogo sana, chini ya 0.1. Leza ya kijani ya nanomita 532 ambayo hutengenezwa kwa kugawanya kwa mbili wimbi la 1,064 la fuwele haisogei kiasi cha kukusumbua, lakini ni ghali zaidi na haipendi mitetemo. Halafu kuna tofauti ya kuzaliwa: dayodi mbili zilizoandikwa 660 zinaweza kuwa moja 656 na nyingine 664, na mtengenezaji hatakuwa amekudanganya, kwa sababu karatasi ya maelezo ya kifaa hutaja mapana hayo, mara nyingi nanomita 5 juu na 5 chini, wakati mwingine 10.

Chukua mfano wetu. Asubuhi ya baridi, kisanduku cha leza kilikuwa na digrii 15. Saa nane mchana, chini ya bati na karibu na mota, kilifika digrii 50. Namba ya karatasi hupimwa kwenye digrii 25, kwa hiyo leza ilisogea nanomita 2 chini ya namba hiyo na 5 juu yake. Ukiongeza mapana ya kuzaliwa ya nanomita 5 kila upande, mwanga wa leza ile ungeweza kuwa popote kati ya 653 na 670. Kichujio cha nanomita 10 kilichokaa kwenye 660 hupitisha kutoka 655 hadi 665. Kilichobaki ni kubahatisha.

Mahali kichujio kinapokuwa kweli

Vichujio vyembamba hutengenezwa kwa matabaka mengi sana ya maada mbili zinazopokezana juu ya kioo, na mawimbi yanayorudi kutoka tabaka moja hadi jingine huingiliana, mengine yakafutana na mengine yakaimarishana. Ni mbinu ileile inayolipa povu la sabuni rangi zake. Lakini ukitazama povu kwa pembe nyingine, rangi hubadilika, na kichujio hufanya vivyo hivyo: mwanga unapokiingia kwa mshazari, dirisha lote huhama kuelekea bluu, yaani kuelekea mawimbi mafupi.

Wimbi jipya la katikati hupatikana hivi: gawanya sini ya pembe kwa fahirisi ya kichujio (namba ya jinsi kinavyoupinda mwanga), toa mraba wa jibu hilo kutoka moja, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa wimbi la katikati la mwanzo; tofauti ya mawimbi hayo mawili ndiyo kiasi cha kuhama. Vichujio vingi vina fahirisi iliyo karibu na 2. Kwa wimbi la 660 na fahirisi hiyo, pembe ya digrii 10 huhamisha dirisha kwa nanomita 2.5, digrii 15 kwa 5.5, digrii 20 kwa karibu 10, na digrii 29 kwa zaidi ya 19. Namba hizo si za kinadharia tu. Kihisi chenye upana wa milimita 8.8 nyuma ya lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 25 huona pembeni kwa digrii 10. Nyuma ya lenzi ya milimita 16 huona kwa digrii 15. Na nyuma ya lenzi ya milimita 8, ambayo watu huichagua ili kamera ikae karibu, huona kwa digrii 29. Ukifunga kichujio mbele ya lenzi hiyo ya 8, kwenye kingo za picha kitakuwa kichujio kingine kabisa.

Ndiyo sababu ncha za mstari wetu zilipotea mchana na si asubuhi. Katikati ya picha, leza iliyopashwa joto ilikuwa imesogea kuelekea nyekundu, ikagusa ukingo wa dirisha ikiwa bado inapita kwa shida. Pembeni, dirisha lenyewe lilikuwa limesogea kuelekea bluu. Vitu viwili vilikimbiana, kimoja huku na kingine kule.

Kuunganisha hesabu mbili

Sasa dirisha linaweza kupangwa. Upande wa chini, kichujio lazima kipitishe leza ikiwa kwenye wimbi lake fupi zaidi na mwanga ukiingia moja kwa moja, yaani 653 katika mfano wetu. Upande wa juu, lazima kipitishe leza ikiwa kwenye wimbi lake refu zaidi na mwanga ukiingia kwa pembe kubwa zaidi. Kwa lenzi ya milimita 16, hiyo ni 670 kujumlisha 5.5 ambazo dirisha litazipoteza kwa kuhama, sawa na karibu 676. Upana unaohitajika ni nanomita 23, na katikati yake ni 664 au 665, wala si 660. Kwa kuwa upana unaotangazwa na watengenezaji hupimwa pale upitishaji unaposhuka hadi nusu, na kingo huwa na mteremko, ongeza nanomita chache kila upande na uchague dirisha la takriban 30.

Zingatia kwamba katikati ya kichujio imekaa juu ya namba ya leza. Hili huwashangaza wengi, na muuzaji anaweza hata kukurudishia agizo akidhani umekosea. Sababu ni kwamba dirisha huhama upande mmoja tu, kuelekea bluu, na hivyo nafasi ya ziada lazima iwekwe upande wa nyekundu.

Kama dirisha la 30 linaonekana pana mno kwa jua lako, usinunue jembamba kwa kujipa moyo. Punguza kimojawapo kati ya vile vinavyolipanua. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kupima dayodi uliyonayo kwa spektromita, kifaa cha kupima urefu wa wimbi, hata ya kuazima chuoni. Ikionekana kuwa ni 658 kwenye digrii 25, mapana ya kuzaliwa yanaondoka katika hesabu, leza inabaki kati ya 656 na 663, upande wa juu unakuwa 668.5, na upana unaohitajika unashuka hadi nanomita 12.5. Dirisha la 20 lililokaa kwenye 662 linatosha. Njia nyingine ni kuisogeza kamera mbali na kutumia lenzi ndefu zaidi, au kuishikiza leza kwenye bamba la alumini lenye mapezi ya kupoza. Sisi tulifanya yote mawili ya mwisho, na lenzi ndefu ndiyo iliyosaidia zaidi.

Kuziba kwingine kote

Dirisha ni nusu ya kichujio. Nusu ya pili ni jinsi kinavyoziba kila kitu kilicho nje ya dirisha, na hapo ndipo vichujio vya bei rahisi hukuangusha. Kiwango cha kuziba hutajwa kwa namba ya densiti: 2 humaanisha sehemu moja ya mia hupita, 4 humaanisha sehemu moja ya elfu kumi. Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini jua lina wati 700 za kupenyeza, na asilimia moja yake ni wati 7, robo nzima ya zile 28 zilizopita dirishani. Kwa densiti ya 4, kinachovuja ni wati 0.07, na unaweza kukisahau.

Soma pia kuziba huko kumetajwa kutoka wapi hadi wapi. Kihisi cha silikoni huendelea kuhisi mpaka karibu nanomita 1,100, ilhali vichujio kadhaa vilivyobuniwa kwa ajili ya macho ya binadamu huziba hadi 700 tu na kuacha infraredi ipite kama maji. Jaribio lake ni rahisi mno: funga kichujio kwenye kamera, elekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi, kisha bonyeza kitufe. Rimoti nyingi hutoa mwanga wa karibu nanomita 940. Ukiona nukta ing'aayo kwenye picha ya kamera yenye kichujio cha 660, kichujio hicho kinavuja, na taa za halojeni au jua vitapita pale pale ilipopita rimoti.

Kioo cha rangi, chekundu kwa mfano, hakitegemei pembe, ni cha bei ndogo, na huziba vizuri kila kilicho chini ya ukingo wake. Udhaifu wake ni kwamba huacha kila kilicho juu. Ndani ya jengo lenye taa za LED na lisilo na dirisha, kioo kinachoanzia nanomita 780 pamoja na leza ya 850 hufanya kazi nzuri, kwa kuwa taa nyeupe za LED zina kilele karibu na 450, mgongo mpana wa njano, na karibu hakuna kitu baada ya 800. Jua likiingia, mpango huo umevunjika. Kwa taa za tyubu, epuka kukaa karibu na mistari ya zebaki kwenye 436 na 546, na ule wa unga mwekundu uliopakwa ndani ya tyubu, ulio karibu na 611. Leza ya 660 iko salama. Nje kabisa, watu huchagua 940 kwa sababu mvuke wa maji angani hulimeza jua kwa kiasi kikubwa kwenye eneo hilo, ingawa kihisi cha silikoni nacho huwa dhaifu pale, kwa hiyo pima faida kabla ya kuishangilia. Kwa chuma chenye moto, kinachotoa mwanga mwekundu chenyewe, leza ya bluu ya 405 au 450 ndiyo ya kufikiria kwanza. Kama kamera yako ni ya rangi, kwa kawaida ina kichujio cha kuzuia infraredi ndani yake na ni robo tu ya pikseli zinazoona nyekundu. Ibadilishe kwa ya nyeusi na nyeupe.

Kukifunga

Kichujio chenye uzi wa skrubu hufungwa mbele ya lenzi, na pembe inayohusika ni ile ya picha niliyoieleza. Kinaweza pia kukaa nyuma ya lenzi, mbele ya kihisi. Huko vumbi la mbao halikifikii, ila mwanga huja kama koni: lenzi iliyofunguliwa kwa f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) huleta miale yenye mshazari hadi digrii 10, na ya f/1.4 hufika karibu 20. Kichujio kikikaa nyuma pia huusogeza mkusanyiko wa picha nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake, kwa hiyo kioo cha milimita 1 kitakulazimu kulenga upya lenzi. Upande wenye mng'ao wa kioo cha kujitazamia kwa kawaida huelekezwa kule mwanga unakotoka. Angalia mshale ulio ukingoni. Vumbi liondoe kwanza kwa pumzi ya pampu ya mkono, ndipo ufute kwa karatasi ya lenzi na alkoholi ya isopropili, kwani kufuta chembe za mbao kavukavu ni kukikwaruza kichujio.

Na ile leza ya miliwati 50, hata ikiwa imetandazwa kuwa mstari, si ya kutazamwa. Soma daraja lake la usalama kwa mujibu wa kiwango cha IEC 60825-1, na uwe mwangalifu zaidi na za infraredi, ambazo jicho halizioni na hivyo kope hazifungi. Kichujio cha kamera si miwani ya kinga.

Kupima kama umefaulu

Tandaza karatasi nyeupe chini ya mstari wote usiku, wakati hakuna mwanga mwingine, na uandike thamani ya pikseli katikati na kwenye ncha mbili, kwanza bila kichujio, kisha nacho. Lenzi yenyewe huwa na giza kidogo pembeni, ndiyo maana vipimo viwili vinahitajika: kinachopungua kwenye kipimo cha pili zaidi ya cha kwanza ndicho kosa la kichujio. Mimi hukubali ncha zikibaki na robo tatu ya walichopata jirani zao wa katikati. Rudia baada ya leza kuwaka nusu saa, na urudie tena saa nane mchana wa siku yenye jua kali, safari hii ukizima leza na kusoma peke yake kile ambacho jua linaacha kwenye karatasi. Ncha zikififia kadiri joto linavyopanda, dirisha limekaa chini mno. Katikati ikiwa hafifu asubuhi ya baridi kuliko mchana, limekaa juu mno.

Ikiwa baada ya yote hayo jua bado linashinda, kamera inaweza kupiga picha mbili mfululizo, moja leza ikiwaka na moja ikiwa imezimwa, na programu ikatoa ya pili kutoka ya kwanza. Hufaa kwa kitu kilichotulia au mkanda wa polepole, na haiwezi kuokoa pikseli iliyokwisha kujaa. Wapo wanaojaribu kuipiga leza mapigo mafupi yenye nguvu kubwa, kama ifanywavyo kwa taa za LED. Dayodi nyingi za leza huharibika uso kwa kilele cha nguvu, hata kiwe kifupi namna gani, kwa hiyo usivuke kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

Mwisho, andika kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa kisanduku wimbi la dayodi ulilolipima, joto ulilolipimia, na katikati ya kichujio. Siku dayodi itakapokufa, fundi atakayeleta nyingine iliyoandikwa 660 atajua kwamba kichujio kile kilichaguliwa kwa ajili ya 658, na ataipima mpya kabla ya kufunga skrubu.